Marejeo ni Ngamani: Utafiti wa Kagera Unamrudia Nani?

Msimu wa kupandishwa vyeo unapofika katika vyuo vikuu vyetu, wahadhiri hugeuka wahasibu. Huhesabu makala walizochapisha, huhesabu hadhi ya majarida, kisha huhesabu mara ambazo kazi zao zimerejelewa na wasomi wengine. Tarakimu hizo ndizo zinazoingia katika jalada la mwombaji, na mara nyingi ndizo zinazoamua nani awe mhadhiri mwandamizi na nani asubiri mwaka mwingine. Nina swali moja kuhusu hesabu hiyo, nami nitaliuliza kutoka Karagwe na Kyerwa, kwa sababu huko ndiko linakouma. Msomi anayechunguza namna watu wanavyokula, wanavyonunua, wanavyokopa na wanavyouza anapotangazwa kuwa kazi yake ina athari kubwa, athari hiyo imemgusa nani?

Nimeuchagua uwanja huu wa utamaduni wa matumizi kwa makusudi. Kiswahili kinamwita mtumiaji wa bidhaa mlaji, na neno ulaji lina maana mbili ambazo kila mtumishi wa umma anazijua: kuna kula kwa haja, na kuna kula cha mwenzio. Msomi wa matumizi huingia jikoni, dukani, kilabuni na msibani, akaona mezani na mfukoni mwa mtu yale ambayo mtu huyo hamwonyeshi hata jirani. Mtafiti wa miamba hadaiwi na mwamba aliouchunguza. Anayechunguza sufuria ya mwenzake anadaiwa.

Mkoa wa Kagera umempata msomi mkubwa wa aina hiyo. Brad Weiss, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefundisha katika chuo cha William & Mary huko Virginia, alifanya utafiti katika vijiji vya Wahaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1996 kilichapishwa kitabu chake, *The Making and Unmaking of the Haya Lived World*, kinachoeleza jinsi chakula, meko, fedha na bidhaa zinavyojenga maisha ya kila siku ya Wahaya, na jinsi maisha hayo yalivyokuwa yakifumuka wakati ugonjwa wa UKIMWI na misukosuko ya uchumi ilipoikumba Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983. Mwaka 2003 kikafuata kitabu kuhusu kahawa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, *Sacred Trees, Bitter Harvests*. Mwaka 2009 alitoa kitabu kuhusu vijana wa Arusha na vinyozi wao, na mwaka 2016 kingine kuhusu nguruwe na walaji wao huko kwao Marekani.

Sina ugomvi na kazi hizo. Kinyume chake, nawahimiza wanafunzi wangu wazisome. Makala yake ya mwaka 1992 kuhusu meno ya plastiki, yale maradhi ya watoto wachanga yaliyowafanya wazazi wengi wa enzi ile wakubali watoto wao wang'olewe meno, ni mfano mzuri wa namna ya kusikiliza kabla ya kuhukumu. Badala ya kucheka imani ya watu, Weiss aliuliza kwa nini neno plastiki, neno la bidhaa ya dukani, limeingia katika kinywa cha mtoto mchanga. Mganga wa zahanati akiisoma makala hiyo ataelewa jambo ambalo vipeperushi vya afya havikumwambia. Kwenye vitabu vyake vya Kagera utaikuta pia kahawa isiyokwenda kiwandani: ile inayochemshwa, ikakaushwa na kutafunwa, ambayo mgeni hukaribishwa nayo, na ambayo punje zake mbili zilizolala katika ganda moja zilitumika zamani watu walipochanjiana udugu wa damu. Hii ni elimu kuhusu sisi, na imeandikwa kwa uangalifu.

Lakini vitabu vyote vinne vimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani. Mama aliyemweleza mtafiti habari za meko yake hakuwa msomaji wa kitabu hicho, na mfumo unaopima athari haukumtarajia awe msomaji. Hilo haliwezi kuwa kosa la mtu mmoja mgeni, maana sisi wenyeji tunafanya vivyo hivyo kila mwaka, tena tukiwa na Kiswahili kinywani. Ni kasoro ya kipimo chenyewe.

Tukitazame basi kipimo hicho kilivyotengenezwa. Mwaka 1964 Eugene Garfield, Mmarekani, alianza kutoa faharasa ya marejeleo ya sayansi ili msomaji aweze kufuatilia nani amemrejelea nani. Kutoka katika kazi hiyo kikazaliwa kipimo cha athari cha jarida, ambacho mwanzoni kilisaidia kuchagua majarida ya kuingizwa katika faharasa na baadaye kikawasaidia wakutubi kuamua majarida ya kununua. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akapendekeza faharasa ya h: mtafiti ana h ya 10 ikiwa ana kazi 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Ni hesabu nyepesi, inayoeleweka haraka na kuonekana haki. Kwa sababu hiyo ilisambaa kutoka maabara za fizikia hadi idara za historia, sosholojia na Kiswahili, bila mtu kuuliza kama nguo iliyoshonewa mmoja inawatosha wote.

Haiwatoshi. Chukua msomi aliyetumia miaka 25 kuandika vitabu vinne tu, kila kimoja kikarejelewa mara 1,000. Kwa vitabu hivyo h yake ni 4. Chukua mwenzake aliyegawa utafiti mmoja katika makala 12 fupi, kila moja ikarejelewa mara 12, nyingine na yeye mwenyewe na rafiki zake. Huyu ana h ya 12. Kamati ikitazama tarakimu peke yake, wa pili amemzidi wa kwanza mara tatu. Taaluma zinazochunguza utamaduni huishi kwa vitabu, lakini hifadhidata kuu za marejeleo zilijengwa juu ya majarida. Vitabu viliingizwa baadaye, na vya wachapishaji wa Afrika vikiwa nyuma kabisa ya foleni.

Hapo ndipo namkumbuka Israel Katoke. Kitabu chake kuhusu historia ya ufalme wa Karagwe, *The Karagwe Kingdom*, kilitolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1975. Alikusanya masimulizi ya Wanyambo, akayapanga kwa nyakati, akayaweka mahali ambapo mtoto wa Bweranyange anaweza kuyakuta na kubishana nayo. Kwa watu wa Karagwe kitabu cha namna hiyo kina uzito wa kumbukumbu ya ukoo, ingawa kwa mashine ya kuhesabu marejeleo ni kitabu cha zamani cha mchapishaji wa Nairobi. Kijana wa Kayanga anayetaka kujua babu zake walikuwa nani atamhitaji Katoke kabla ya kumhitaji mtu mwingine yeyote, na haja hiyo haina safu katika jedwali lolote la tarakimu.

Upande wa pili yupo John Hanning Speke. Alifika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 pamoja na James Grant, wakapokelewa kwa ukarimu mkubwa na Omukama Rumanyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke alisimulia jinsi wanawake wa nyumba ya kifalme walivyoneneshwa kwa maziwa, na jinsi alivyochukua kipimo akampima mmoja wao mkono, kifua, paja na urefu, akaandika futi na inchi zake kama mtu apimaye gogo. Ukurasa huo umerejelewa kwa zaidi ya miaka 160: wengine wameunukuu kwa mshangao, wengine kwa kejeli, na wengi wa siku hizi kwa kuulaani. Mashine ya kuhesabu haijui tofauti. Anayekurejelea kukusifu na anayekurejelea kukukanusha wote wanakuongezea moja. Kwa kanuni hiyo, mgeni aliyempima mwenyeji wake kwa futi anaweza kumzidi athari mwenyeji aliyeandika historia ya nyumba hiyo. Ikiwa hilo halitusumbui, basi tumekubali kwamba kelele na thamani ni kitu kimoja.

Nahamia sasa kwenye jambo ambalo watu wa Karagwe na Kyerwa watanielewa upesi kuliko wajumbe wa kamati za vyeo. Kagera kuna biashara iitwayo butura. Mkulima mwenye shida huuza kahawa yake ingali mtini, pengine ingali maua, kwa bei iliyo chini sana ya bei ya msimu. Mnunuzi hutoa fedha leo, akaja kuvuna kesho. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, viongozi wakihutubia kila msimu na kuwataka wakulima wauze kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha KDCU kinachozihudumia wilaya zote mbili. Hata hivyo butura haijafa, na kahawa nyingine imekuwa ikivuka mpaka kwa magendo kuingia Uganda, maana Kyerwa imepakana na nchi hiyo na njia za panya ni nyingi kuliko askari.

Kwa nini mkulima auze maua? Jibu la ofisini huwa ni kwamba hana elimu. Jibu la msomi wa matumizi lingekuwa lingine: tazama kalenda. Shule hufunguliwa Januari, ilhali kahawa ya Kagera huanza kuvunwa takriban Mei. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare, madaftari, viatu na michango havikufutwa. Mgonjwa hasubiri msimu, na msiba hausubiri mnada. Mtu anayeuza maua anajua hesabu vizuri sana. Anajua kwamba anapunjika, na anajua pia kwamba mtoto akibaki nyumbani mwezi mzima hasara yake haitalipwa na bei yoyote ya kahawa. Kinachomkwamisha ni kwamba mahitaji yake yana tarehe zake na mapato yake yana tarehe zake, na hakuna mkopo nafuu wa kuziunganisha tarehe hizo. Huo ni utafiti wa matumizi ambao ofisa ushirika wa Kayanga au Nkwenda angeutumia kesho asubuhi, kama ungemfikia kwa lugha anayoandikia barua zake.

Sasa mtazame mhadhiri kijana. Naye ana shida na tarehe. Mkataba wake una ukomo, cheo chake kinadai idadi ya makala, na jarida zuri huchukua mwaka au miwili kumjibu. Pembeni yupo mnunuzi mwenye fedha taslimu, yaani jarida la kulipia linaloahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili bila maswali. Kijana huyu amekaa Kyerwa wiki tatu, amejaza madodoso yake, hajarudi kuwauliza watu kama amewaelewa. Data zake zingali maua. Anaziuza. Hii naiita butura ya kitaaluma. Anayepunjika kwanza ni mtafiti mwenyewe, kwa kuwa kazi iliyohitaji miaka mitatu kuiva ameitoa kwa bei ya makala moja dhaifu. Anayepunjika zaidi ni mwanakijiji, ambaye alitoa nusu siku ya palizi kumjibu mgeni, akabaki na shukrani za mdomo.

Tukiichukia butura ya kahawa, tusiilee ya vitabu. Kila tunapomwambia mhadhiri kwamba hakuna kinachohesabika isipokuwa makala katika majarida ya mbali na marejeleo yake, tunampangia yeye kalenda ileile inayomlazimisha mkulima auze maua. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza tuzo ya fedha kwa watafiti wa vyuo vikuu wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Nia ni njema, na wanasayansi wetu wanastahili kutuzwa. Lakini tuzo huonyesha njia, na njia inayoonyeshwa hapa inakwenda upande mmoja tu. Sijasikia tuzo ya mtafiti ambaye matokeo yake yalisomwa na kujadiliwa katika mkutano wa kijiji.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, tena ni hoja nzito. Kabla ya tarakimu kulikuwa na kujuana. Vyeo vilitolewa kwa urafiki, kwa ukanda, kwa chama, na kijana hodari asiye na mtu alikaa nje. Tarakimu, hata zikiwa na kasoro, hazina mjomba. Nakubali. Sitaki tarakimu zitupwe, wala sitaki kurudi kwenye barua za mapendekezo zilizoandikwa na mjomba. Wala sidharau mazungumzo ya wasomi duniani: mtu wa Karagwe ana haki ya kusikika Berlin na Tokyo, na jarida kali linaloichambua kazi yake linamfanyia hisani. Ninachosema ni kwamba idadi ya marejeleo inapima kitu kimoja, nacho ni jinsi wasomi wanavyosemezana wenyewe kwa wenyewe. Ni kitu cha maana. Tatizo linaanza pale tunapokiita athari na kuacha kutafuta nyingine.

Wala siyasemi haya peke yangu. Tamko la San Francisco, lililoanzia katika mkutano wa mwaka 2012, liliwataka waajiri na wafadhili waache kutumia vipimo vya majarida kama kipimo cha ubora wa mtafiti. Kanuni za Leiden za mwaka 2015, zilizochapishwa katika jarida la Nature, zina mambo kumi, na la tatu linataka utafiti wenye umuhimu wa mahali husika ulindwe usimezwe na upendeleo wa Kiingereza na majarida ya kimataifa. Wakubwa wa upimaji wenyewe wamekiri kwamba rula yao ina kasoro. Itakuwa ajabu sisi tuliopimwa vibaya nayo tukiwa wa mwisho kuiweka chini.

Napendekeza mambo matatu, yote ya gharama ndogo.

La kwanza linahusu vyuo. Katika jalada la kupandishwa cheo pawe na alama za marejesho. Mtafiti aonyeshe muhtasari wa Kiswahili wa kurasa nne au tano, nakala zilizopokelewa na kugongwa muhuri katika kata alikofanyia utafiti, na kumbukumbu za mkutano ambamo waliohojiwa walimsikiliza na kumjibu. Haya ni mambo ya kuhesabika. Muhuri wa mtendaji wa kata nao hauna mjomba kuliko mhariri wa jarida la kulipia. Makala katika majarida yetu ya Kiswahili, kama vile Kiswahili na Mulika ya TATAKI, zipimwe kwa ubora wa hoja zilizomo, na kutokuwamo katika hifadhidata ya kigeni kusiwe sababu ya kuzishusha.

La pili ni la serikali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hutoa vibali vya utafiti nchini. Barua ya kibali hushuka mkoani, wilayani, katani hadi kijijini, na kila ngazi hugonga muhuri. Ngazi hizohizo zinaweza kuwa njia ya kurudi. Kibali cha awamu ya pili kisitolewe mpaka muhtasari wa Kiswahili wa awamu ya kwanza ufike kwenye ofisi ya kijiji. Sharti liwe moja kwa profesa wa Ulaya na kwa mwanafunzi wa uzamili wa Dodoma.

La tatu ni letu sisi tunaosimamia tasnifu. Kila mwaka wanafunzi hupanda basi kwenda Kagera kukusanya data kuhusu kahawa, migomba, mikopo na mavazi ya vijana, kisha tasnifu zao hulala rafuni. Msimamizi anaweza, bila kusubiri waraka wowote, kukataa kusaini nakala ya mwisho mpaka mwanafunzi alete ushahidi kwamba waliomjibu wameyasikia majibu yao. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mimi nasumbua kwa hili, na wengi wao wamerudi kutoka huko na marekebisho ambayo hakuna mpitiaji wa jarida angeweza kuwapa. Mzee wa Kinyambo akiambiwa kwamba kijiji chake kinauza butura kwa kukosa elimu, atamrekebisha mtafiti kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ina thamani kuliko marejeleo kumi.

Nanyi wanaharakati na viongozi wa vyama vya msingi, msingoje vyuo viwape. Mtafiti anapofika na barua yake, ulizeni swali jepesi: matokeo utatuletea lini, na kwa lugha gani? Liandikeni jibu lake katika kitabu cha wageni, pembeni ya jina lake. Mtumishi wa umma unayeombwa muhuri, nawe uliza vivyo hivyo. Swali hilo halimfukuzi mtafiti mwema. Linamkumbusha tu kwamba amekuja kukopa.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya. Orodha ya vitabu inayofunga makala ya kitaaluma tunaiita marejeo, na neno hilohilo ndilo linalotaja kurudi. Mabaharia wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: zunguka chombo chote, nyuma na mbele, mwisho utarudi pale katikati panapobeba shehena. Msomi wa matumizi anaweza kuzunguka makongamano ya dunia na kurejelewa na watu asiowajua, na hilo ni jema. Lakini shehena yake aliipakia Kyerwa, kwenye jiko la mtu. Kamati ikimwuliza amerejelewa mara ngapi, imwulize pia amerejea mara ngapi.